Jinsi ya kujua qipao ni ya miaka gani kwa kusoma mishono yake

Qipao ni lile gauni la Kichina lenye kola ya kusimama, vifungo vya kitambaa vinavyoshuka mshazari kutoka shingoni mpaka kwapani, na mpasuo pembeni. Watu wa Hong Kong wanaliita cheongsam, nguo ni ileile. Sasa wauzaji wa nguo za zamani wanapenda sana kusema "hii ni ya enzi za wafalme" na wanunuzi nao wanapenda kuamini, wakati kiukweli qipao kama tunavyoijua imeanza miaka ya 1920, na ile ya kubana kiuno na nyonga ambayo karibu kila mtu anaiwaza kichwani ni mpya zaidi, ilikomaa miaka ya 1950 huko Hong Kong. Yaani tunaongelea vazi la kisasa ambalo limepewa sifa ya ukale, na hiyo ndo raha yake, maana kwa sababu lilibadilika haraka haraka unaweza kulisoma na kukadiria mwaka wake vizuri tu bila kumuuliza mtu.

Kwa hiyo kama una qipao mkononi na hujui ni ya lini, au unataka kununua moja mnadani, au una picha ya zamani isiyo na tarehe, au unashona nguo za igizo linalotokea Shanghai mwaka 1935 na hutaki kuchekwa, fuata huu utaratibu. Kanuni yangu ni moja: anza na jinsi nguo ilivyokatwa na kushonwa, muonekano uje mwisho. Wengi wanaanza na urefu, na urefu ndo kitu kinachodanganya kuliko vyote, ulipanda na kushuka mara kadhaa ndani ya miaka ishirini tu.

Kwanza ondoa ambazo sio qipao

Wamanchu, watu wa kaskazini mashariki, waliingia Beijing 1644 na nasaba yao ya Qing ikatawala China mpaka 1912. Mwaka 1645 waliwaamuru wanaume wa Kihan, yaani Wachina walio wengi, wanyoe nywele za mbele, wasuke mkia mmoja nyuma na wavae kimanchu, na kukataa kulikuwa ni kifo, ila wanawake wa Kihan waliachwa waendelee na nguo zao. Hii kwako wewe unayekadiria umri ni muhimu sana kwa sababu ina maana kwa zaidi ya miaka 250 kulikuwa na mavazi ya kike ya aina mbili yanayotembea sambamba. Mwanamke wa Kimanchu alivaa joho moja kutoka shingoni mpaka miguuni, pana, lisiloonyesha umbo hata kidogo, na chini viatu vyenye kisigino kirefu kilichokaa katikati ya soli. Mwanamke wa Kihan alivaa vipande viwili, juu koti refu pana na chini sketi ya marinda au suruali, na wengi wao miguu ilikuwa imefungwa tangu utotoni, jambo ambalo Wamanchu hawakulifanya.

Ukiletewa joho pana lenye riboni za nakshi ukingoni, mstari juu ya mstari juu ya mstari, hilo ni joho la Qing. Linaweza kuwa na thamani kubwa kuliko qipao yoyote lakini sio qipao, na kama riboni zimezidi mpaka kitambaa chenyewe kimemezwa basi fikiria nusu ya pili ya karne ya 19, ndo wakati mapambo ya ukingoni yalikuwa yamepitiliza. Ukiletewa koti lenye kola ndefu inayopanda mpaka mashavuni, hiyo ni ile kola ya yuanbao, ya miaka ya mwisho ya Qing na ya mwanzo ya Jamhuri. Nayo sio qipao.

Alafu kuna kipande hapa katikati ambacho watu wanakiruka. Mapinduzi ya 1911 yalipoangusha utawala, joho la Kimanchu likaanza kupotea mitaani, hata Wamanchu wenyewe wengi waliliacha, nani angetaka kutambulika kirahisi kama jamaa wa watawala walioangushwa. Miaka ile ya vuguvugu la wanafunzi la Mei 4, mwaka 1919, wasichana wa shule na vyuo walikuwa wanavaa blauzi pana yenye mikono ya kufunguka kama kengele na sketi nyeusi ya kawaida. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1920 baadhi yao mijini, Shanghai ikiwa mbele, wakaanza kuvaa joho moja refu. Walilitoa wapi? Wanazuoni wanabishana mpaka leo, wapo wanaosema ni lile la Kimanchu limefufuka, wapo wanaosema wasichana walichukua joho refu la wanaume, changpao, kwa sababu walikuwa wanadai elimu na haki sawa na kaka zao. Mimi naona hoja ya joho la wanaume ina nguvu zaidi, ukiziangalia zile za mwanzo zimenyooka, hazina madoido, hazijali kiuno wala nyonga, msichana akizivaa anafanana na karani. Katikati ya muongo huo ilikuwepo pia fulana ndefu isiyo na mikono iliyovaliwa juu ya blauzi ya mikono mipana, ukiikuta hiyo shukuru Mungu, ni ya kipindi kifupi na inakupa mwaka karibu kabisa.

Geuza ndani nje, angalia mabega

Hapa ndo penye kazi, usipaharakishe. Fundi wa Kichina wa zamani alikata nguo flati, kitambaa kinakunjwa pale begani na mikono na kiwiliwili vinatoka kwenye kipande kimoja, kwa hiyo hakuna mshono juu ya bega wala hakuna ule mshono wa duara pale mkono unapounganishwa na mwili. Ilaze mezani. Nguo iliyokatwa hivi inalala yote bila kubisha, unapata umbo la herufi T, na mtu akiivaa na kushusha mikono kitambaa kinajikusanya kwapani, hiyo sio kasoro ya fundi, ndo ilivyotakiwa kuwa. Qipao za miaka ya 1920 ziko hivi, na za miaka ya 1930 karibu zote.

Ukiwa hapohapo tafuta mshono wa wima katikati ya kifua na katikati ya mgongo. Vitambaa vilivyofumwa kwa mitambo ya mkono vilikuwa vyembamba, mwili mzima haukutosha kwenye upana mmoja, kwa hiyo nguo ilijengwa kwa nusu mbili zilizoungwa katikati, na mikono mirefu ikaongezewa kipande mbele, utaona kiungo mahali fulani kati ya kiwiko na bega. Vilipoenea vitambaa vipana vya viwandani mshono wa katikati haukuhitajika tena. Kwa hiyo mshono wa katikati mbele na nyuma, pamoja na bega lisilo na mshono, unakupeleka nyuma kuelekea Qing na miaka ya 1920. Ila kuwa makini, mshono wa mgongoni peke yake hausemi chochote, magauni ya kisasa yenye zipu mgongoni nayo yanao!

Ukikuta mshono unaoshuka kidogo kutoka shingoni kwenda ncha ya bega, na mkono uliokatwa peke yake kisha ukaungwa kwa duara, umefika kwenye ushonaji wa kimagharibi. Mambo haya yalianza kuingia miaka ya 1940, pamoja na pedi za mabegani maana fasheni ya dunia nzima ilikuwa inataka mabega mapana, na kufika miaka ya 1950 Hong Kong yalishakuwa kawaida. Mshono wa bega ni shahidi mzuri kuliko vyote kwa sababu hauongezwi baadae bila kubomoa nguo nzima, wakati pindo unaweza kulipandisha jioni moja na kola ukaipunguza.

Mtego mmoja tu: siku hizi kuna mafundi China ambao wamerudi makusudi kwenye ukataji wa flati, wanaipenda stail ya zamani na wanaijua vizuri mno. Bega litakwambia 1928, kitambaa na uzi vitakwambia juzi. Ndo maana huachi hapa unaendelea.

Mikunjo ya kifua na kiuno

Tafuta kwa ndani ile mikunjo midogo ya pembetatu inayoshonwa ili nguo ifuate matiti na kiuno. Hamna? Basi kuna uwezekano mkubwa ni ya kabla ya miaka ya 1940. Ipo kiunoni na kifuani, mbele na nyuma, mirefu na imenyooka? Hong Kong, 1950 kwenda juu.

Mtu atauliza, kama hakukuwa na mikunjo hiyo mbona qipao za 1935 kwenye picha zinaonekana zimekaa mwilini? Mafundi walipinda mshono wa ubavuni kidogo, kisha wakakifanyia kitambaa kazi kwa pasi ya moto, sehemu wanakivuta kitanuke na sehemu wanakibana kisinyae, na kingo wanazipaka gundi ya wanga ili zikae. Umbo lote limetoka kwenye pasi na ule mpindo mdogo wa ubavuni. Ndo maana qipao ya miaka hiyo inapita juu ya mwili kama inatelezea, haibani. Ukiiona imeng'ang'ania kila kona ya mwili hiyo sio 1930s, hata kama muuzaji ana cheti cha bibi yake.

Na kuna sababu nyingine ya zile za mwanzo kuwa flati kifuani ambayo haina uhusiano na fundi. Wasichana wengi walikuwa wanafunga matiti kwa kitambaa, kifua flati ndo kilionekana cha heshima. Julai 1927 serikali ya Guangdong ilipitisha pendekezo la Zhu Jiahua la kupiga marufuku kufunga matiti, na harakati hizo zikaenea kwenye magazeti na miji mingine. Kwa hiyo kwenye picha, kifua flati kabisa na nguo iliyonyooka kama bomba inaelekea zaidi miaka ya 1920.

Namna inavyofungwa

Uwazi wa qipao unaelekea kulia kwa mvaaji. Upande wa kushoto unapita juu ya kulia na vifungo vinakaa kuliani, hii ni desturi ya kale sana, kufunga kushoto kulihesabiwa ni kwa washenzi wa mipakani na kwa maiti, hata Confucius aliwahi kuligusia akimsifu waziri Guan Zhong, kwamba bila yeye watu wangekuwa wanafunga nguo kushoto. Faida kwako wewe: ukiona kwenye picha ya zamani uwazi uko kushoto kwa mvaaji, kabla hujaanza kutunga nadharia angalia kama picha haijageuzwa wakati wa kuchapa. Mara nyingi imegeuzwa. Zipo pia qipao za miaka ya 1930 zenye uwazi pande zote mbili, hapo upande mmoja mara nyingi ni wa pambo tu.

Kisha fuata vifungo mpaka vinapoishia. Vile vya kamba ya kitambaa, pankou, vikishuka vyote kutoka shingoni, kwapani, mpaka ubavuni karibu na mpasuo, na vyote vinafanya kazi kweli, hiyo ni dalili ya nguo ya zamani. Vifungo vya kubonyeza vya chuma vikichukua kazi ya ubavuni na pankou zikabaki juu tu, umesogea mbele. Zipu ya chuma ubavuni, kulia, ni ya 1940s mpaka 1960s kwa ujumla, na hii ndo dalili ya kawaida kabisa ya cheongsam ya Hong Kong. Zipu ya nailoni, ile ya koili laini, kwa kawaida ni ya 1960s kuja huku. Lakini zipu ni kitu kinachobadilishwa, ikiharibika fundi anaweka mpya, kwa hiyo angalia kama kuna matundu ya uzi wa zamani pembeni yake.

Zipu mgongoni na pale mbele uwazi umeshonwa ukafungwa kabisa, vifungo vimebandikwa kwa urembo? Hapo ni nguo ya dukani iliyotengenezwa kwa wingi, nyingi zikiwa za kuuzia watalii au za miaka ya karibuni. Sio dhambi kuipenda. Usilipe bei ya nguo ya fundi tu.

Kwenye nguo nzuri bonyeza pankou zenyewe taratibu. Zile za maua na vipepeo zina waya mwembamba wa shaba ndani unaoshika umbo, na katikati ya maua zimejazwa pamba. Zilizotengenezwa kwa mashine ni kamba ya sintetiki iliyobandikwa, unazisikia kwa vidole.

Sasa ndo uje kwenye kola, mikono na pindo

Ukishajua muongo kwa mishono, hivi vitakusaidia kubana miaka ndani ya muongo.

Katikati ya 1920s nguo ni pana, mikono inafika kwenye kiwiko au chini kidogo na inafunguka kama kengele, pindo liko karibu na vifundo vya miguu au kwenye ugoko. Kufika 1928 na 1929 pindo limepanda mpaka karibu na goti, ndo wakati huohuo magauni ya Ulaya na Marekani yalikuwa mafupi. Hapa serikali ya China, iliyokuwa na makao Nanjing, ikaingilia kati, Aprili 1929 ikatoa kanuni za mavazi zilizoitambua qipao kama vazi rasmi la wanawake: rangi ya bluu, vifungo sita, uwazi kulia, urefu uishie katikati ya goti na kifundo cha mguu. Wanawake wa Shanghai walisoma kanuni na wakaendelea na mambo yao. Ndo maana usijaribu kukadiria umri wa nguo kwa kutumia sheria, sheria inakwambia viongozi walitamani nini.

Baada ya hapo pindo likaanza kushuka, likashuka tena, mpaka kufika 1934 na 1935 likawa linafagia sakafu kabisa, na kwa kuwa huwezi kutembea na nguo nyembamba ndefu hivyo bila mpasuo, mipasuo ikapanda juu, ndani wakavaa gauni jepesi la chini lenye lesi ili likionekana lionekane vizuri. Kola nazo zikawa ndefu na ngumu kiasi kwamba kugeuza shingo ni kazi, zingine na vifungo vitatu vya shingoni. Mwaka 1934 huohuo Chiang Kai-shek, kiongozi wa serikali hiyo, alianzisha harakati za Maisha Mapya zilizohangaika mpaka na urefu wa mikono na mipasuo ya wanawake. Mwishoni mwa 1930s mambo yakageuka, vita na Japan vilianza 1937, pindo likapanda mpaka ugokoni, kola ikashuka, mikono ikawa mifupi sana au haipo kabisa, kitambaa kikatumika kidogo.

Kwa kifupi, gauni refu linalofagia sakafu lenye kola ndefu ni katikati ya 1930s, fupi lisilo na mikono lenye kola ya chini ni mwishoni mwa 1930s na 1940s. Na kama imebana, kola ndefu tena, kiuno chembamba, pindo kwenye goti au juu yake, na mishono ni ya kimagharibi, ni 1950s na 1960s. Umeona urefu wa kwenye goti umetokea 1929 na ukatokea tena 1960s, ndo maana nilisema mishono kwanza.

Kitambaa

Bluu iliyokolea ya pamba, flati, haina maua: huenda umekutana na kile kitambaa kilichotiwa rangi ya indanthrene, rangi ya Kijerumani iliyosifika kwa kutochuja wala kufifia juani. Wanafunzi na walimu wa 1930s na 1940s walikivaa mno, na matangazo yake yalikuwa kila mahali. Watu wanazidharau qipao hizi kwa sababu hazing'ai, mimi ningechukua moja ya hizi kabla ya satini yenye madragoni, maana hii ndo watu waliivaa kwenda kazini, ikavaliwa mpaka ikaisha, ndo maana zilizobaki ni chache.

Madragoni na feniksi wa dhahabu kwenye satini nyekundu inayong'aa sana, fikiria nguo ya harusi ya miaka ya karibuni au ya watalii mpaka ithibitike vinginevyo. Shanghai ya 1930s ilipenda maua makubwa ya kuchapwa, mistari, maumbo ya kijiometri, mahameli, vitambaa vyembamba vya kuonyesha ndani, na rayoni ilishakuwepo, kwa hiyo kukuta sio hariri hakumaanishi ni feki.

Kujua kama ni hariri chomoa nyuzi mbili tatu kwa ndani kwenye kitambaa kilichobaki cha mshono, usikate sehemu inayoonekana, ziunguze mbali na nguo. Hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kwa vidole. Pamba na rayoni zinanuka karatasi iliyoungua. Poliesta inayeyuka inaganda kuwa kipunje kigumu, na poliesta inaondoa kabisa habari za miaka ya 1930.

Bitana pia iangalie, pamoja na ukingo wa kuzungushia. Ukingo mwembamba sana ulioshonwa kwa mkono, mishono yake haionekani upande wa nje, ni kazi ya fundi aliyefundishwa miaka mingi.

Lebo, na ile miaka ya ukimya

Mwaka 1949 unagawa kila kitu. Mafundi wengi wa Shanghai walihamia Hong Kong kabla na baada ya Wakomunisti kuchukua nchi, wengine wakaenda Taiwan, na ufundi ukaenda nao. China bara qipao haikupigwa marufuku siku ileile, ilififia taratibu mbele ya suti za bluu na kijivu, mpaka ikafika kuwa hatari kuonekana nayo. Mfano unaojulikana ni wa Wang Guangmei, mke wa rais Liu Shaoqi, aliyevaa qipao kwenye ziara ya kiserikali Indonesia mwaka 1963, na Aprili 1967 walinzi wekundu, vijana wa Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, wa chuo kikuu cha Tsinghua wakamlazimisha kuvaa qipao mbele ya umati na kumvika shanga za mipira ya pingipongi ili kumdhalilisha. Kwa hiyo mtu akikwambia ana qipao ya kifahari iliyoshonwa Beijing mwaka 1968, mwombe maelezo zaidi. Ilianza kurudi baada ya mageuzi ya uchumi ya 1978, sana sana kama yunifomu za hoteli na sherehe, na mwaka 2008 wasichana wa kubeba medali kwenye Olimpiki ya Beijing walivaa nguo za mtindo huo.

Hong Kong kwa upande wake ilikuwa nguo ya kila siku, akina mama walienda nayo sokoni miaka ya 1950 na 1960, mpaka nguo za dukani za bei nafuu zilipoishinda. Baadhi ya shule za wasichana, kama St. Stephen's Girls' College, wameendelea nayo kama yunifomu. Mwaka 2021 ufundi wa cheongsam wa Hong Kong uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya China ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Nguo ya fundi mara nyingi haina lebo, au ina lebo ndogo ya jina la duka. Lebo inayotaja Hong Kong ya Waingereza ni ya kabla ya 1997 bila ubishi, na nyingi kati ya hizo ni za 1950s na 1960s. Kama nguo ilinunuliwa mpya Marekani na lebo inasema imetengenezwa Jamhuri ya Watu wa China, ni baada ya 1971 kwa sababu kuanzia 1950 mpaka hapo kulikuwa na vikwazo vya bidhaa za China. Lebo yenye alama za kufulia, zile za beseni na pasi, inakuleta karibu zaidi na leo.

Ukiwa na picha tu

Huwezi kugeuza picha ndani nje, kwa hiyo tafuta picha zingine zenye tarehe ya uhakika ulinganishe. Ujanja ninaoupenda ni kutumia watu maarufu. Mwigizaji Ruan Lingyu alifariki Machi 8, 1935, kwa hiyo qipao yoyote aliyovaa haiwezi kuwa ya baada ya hapo, na alipigwa picha nyingi mno, unapata ukuta mzuri wa mwisho. Hu Die, aliyechaguliwa malkia wa filamu 1933, anakusaidia miaka inayozunguka hapo. Kwa 1940s tazama picha za Song Meiling, mke wa Chiang Kai-shek, alipohutubia bunge la Marekani Februari 18, 1943. Linganisha kola kwanza, kisha mkono, kisha pindo, na kumbuka mama wa miaka hamsini anaweza kuwa bado anavaa kola ya ujana wake, angalia aliye mdogo kuliko wote kwenye picha, yeye ndo anafuata fasheni.

Posta za kalenda za Shanghai, zile za wasichana wenye mashavu ya waridi zilizochorwa na akina Hang Zhiying, ni nzuri kwa kola, mikono na michoro ya kitambaa. Kwa umbo la mwili zipunguzie imani. Mchoraji hakuwa na shida ya pasi wala mshono wa ubavuni, aliikalisha nguo mwilini anavyotaka. Kwa nguo zenyewe kuna makusanyo ya makumbusho, la hariri lililopo Hangzhou na la historia la Hong Kong ni pa kuanzia.

Ukimaliza yote andika jibu lako kama kipindi na sio mwaka mmoja, mfano "1936 mpaka 1942, Shanghai au fundi wa huko, bega halina mshono, ubavuni vifungo vya kubonyeza, pindo limepandishwa baadae". Ile "limepandishwa baadae" usiisahau, kunja pindo uangalie kama kuna mstari wa zamani wa mkunjo au rangi isiyofifia ndani yake, na kama upo pima kutoka shingoni mpaka kwenye huo mstari, huo ndo urefu wa kutumia kwenye makadirio.